Babu alikimbia Lukaya: uzi wa kumkumbuka mzee wetu, mgambo wa Vita vya Kagera

Mjukuu wa Mgambo (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Wiki tatu zilizopita tumemzika Babu kijijini kwetu, njia ya Nzega kwenda Tabora. Cheti cha ubatizo kinasema alizaliwa 1953. Mwenyewe alikuwa akisema padri alikisia. Ameacha Bibi, watoto saba, na wajukuu ambao Baba Mkubwa alipofika mahali pa kutaja idadi yao alinyanyua macho kwenye karatasi akaanza kutuhesabu kwa kidole, mwisho akasema "wengi" akaendelea kusoma.

Babu alikuwa mgambo. Wale vijana waliochukuliwa vijijini mwishoni mwa 1978, Nduli Amin alipovamia Kagera, wakafundishwa harakaharaka, wakachanganywa na jeshi letu, JWTZ, wakaenda mbele mpaka Lukaya huko Uganda. Kabla ya hapo alilima mpunga na karanga. Baada ya hapo alilima mpunga na karanga. Katikati kuna miezi kadhaa tu, na hiyo miezi ndiyo iliyozua mambo msibani.

Kwenye wasifu wa marehemu kulikuwa na sentensi hii: "Katika mapambano makali ya Lukaya hakurudi nyuma hata hatua moja." Baba Mkubwa aliisoma kwa sauti nzito, watu wakatikisa vichwa, kwaya ikapokea. Mambo safi.

Sasa Babu ana rafiki yake, mzee wa Kingoni wa Songea, walikuwa kombania moja. Alikuja kwa mabasi siku mbili, suti imejikunja mgongoni kama karatasi ya maandazi. Jeneza limeshafika kaburini, katekista anatafuta ukurasa, yule mzee akapenya katikati ya watu na fimbo yake, akapanda kwenye lile tuta la udongo.

"Ngojeni kwanza. Huyu mnayesema hakurudi nyuma hata hatua moja ni yupi? Mbona mimi siku ile Lukaya nilimfukuzia kilomita nzima kurudi nyuma na sikumfikia?"

Kimya. Hata watoto.

"Mimi nawashauri, mfungeni kamba miguuni. Mkimwacha hivihivi, usiku huu anatoka mbio mpaka Shinyanga."

Bibi alikuwa mkekani tangu alfajiri, hajasema neno na mtu. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani sasa ndiyo kilio kimemfika. Akavuta kanga mdomoni, ikamshinda. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akamshika shangazi bega, na shangazi naye akashindwa, na wanawake wote wa upande ule wakaangua kicheko huku machozi yanatoka, ikawa hujui nani analia na nani anacheka.

Baba Mkubwa, amekasirika wazi, akatoa elfu kumi ili mzee apishe. Mzee akaigeuzageuza ile noti. "Elfu kumi? Kwa mbio zile?" Ikafika elfu thelathini. Akaziweka mfukoni, kisha akasema bado kikombe. Kile kikombe cha bati cha Babu, cheupe chenye ukingo wa bluu, alichorudi nacho vitani na kunywea uji kila asubuhi ya maisha yake. "Hiyo ndiyo ngawira yangu." Bibi akasema apewe. Kikaletwa kutoka jikoni, akakitia kwapani, akapisha. Tukazika.

Nimerudi Dar, hili jambo halinitoki. Baba Mkubwa hadi leo anasema marehemu alidhalilishwa. Baba yangu anasema aliyedhalilishwa ni Baba Mkubwa. Ninyi mnaonaje? Nitaendelea na jinsi Babu mwenyewe alivyokuwa akiisimulia hiyo Lukaya, ngoja nile kwanza.

Karanga Mbichi

Pole sana mkuu. Na hapo kwenye kamba miguuni nimecheka niko kwenye daladala, watu wananiangalia. Nasubiri muendelezo.

Jirani wa Nakuru

Poleni kwa msiba. Lakini nisaidieni mimi wa huku Kenya: mgeni anasimama juu ya kaburi, anamwita marehemu mwoga, anadai pesa, na nyinyi mnampatia pesa na kikombe? Kwetu huyo angeondoka na meno machache.

Mtani wa Kudumu

@Jirani wa Nakuru huo ni utani ndugu yangu, na haukuanza leo. Wanyamwezi na Wangoni ni watani toka enzi za babu zetu waliopigana huko nyuma. Vita viliisha, ukabaki utani. Msiba ukitokea mtani ana haki ya kusema lolote, kuzuia jeneza, kulala kaburini, kukuvua kofia. Ukikasirika umeshindwa. Na akitoka hapo ndiye wa kwanza kushika jembe kufukia. Mleta uzi, alishika jembe hakushika?

Mjukuu wa Mgambo

Alishika. Walimzuia kwa sababu ya umri, akawaambia wamwachie, amefukia watu wengi kuliko wao.

Mzalendo Halisi

Kwa kweli uzi huu umenisikitisha. Wazee wetu walimwaga damu kuikomboa nchi, wewe mjukuu unakuja kuandika mtandaoni kwamba babu yako alikimbia. Hata kama ni kweli, mambo mengine ni ya ndani. Kesho adui akisoma atasema nini?

Karanga Mbichi

Adui yupi tena mkuu, wa 1979?

Mjukuu wa Mgambo

Nimeshiba, naendelea.

Babu hakuwa msimuliaji wa hovyo. Ilibidi iwe msimu wa kumenya karanga, tumekaa chini, kila mtu ana lundo lake na mikono ina kazi. Ukimuuliza habari za vita akiwa amekaa bure, na yeye anakuuliza mitihani inaendaje, mnaishia hapo wote wawili.

Alianza na treni kila mara. Tabora hadi Mwanza, wamejazana kama magunia, wanaimba. Bibi alikuwa amemfungia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na michembe ndiyo iliyompatia marafiki, maana vijana wa kusini walikuwa hawajawahi kuiona. Yule Mngoni aliishika akauliza ni dawa ya mti gani. Kisha meli hadi Bukoba, nusu ya kombania wanatapika ziwani, watu waliozaliwa kwenye majaruba hawajui maji yanayotembea. Kisha Kyaka. Daraja Waganda walikuwa wamelilipua Novemba 3, kwa hiyo walivuka Mto Kagera kwa daraja la muda la wahandisi wa jeshi.

Ng'ambo ya mto alipazungumzia sana. Migomba imesimama, milango iko wazi, sufuria ziko nje, na hakuna jogoo. Alisema hicho ndicho kilichomtisha, vijiji vizima asubuhi na hakuna kinachowika. Akifika hapo alinyamaza kidogo, na kama kuna jogoo wetu anapita uani alimtupia karanga.

Mutukula iliangushwa Januari 1979. Masaka ikachukuliwa Februari 24. Kutoka mpakani walikwenda kwa miguu na mvua, na katika simulizi zake zote miguu ndiyo ina nafasi kubwa kuliko bunduki: malengelenge, soksi zilizooza, kucha zilizong'oka. Halafu chawa. Bunduki aliitaja kama mtu anavyotaja jembe.

Machi 10 wakawa Lukaya, njia ya Masaka kwenda Kampala. Barabara imepita juu ya tuta, kushoto mafunjo, kulia mafunjo, chini maji meusi. Brigedi yao ilikuwa ya 201, na sehemu kubwa ilikuwa mgambo kama yeye, watu wasiowahi kuonja mapigano makubwa. Amin alikuwa ameshapata msaada wa Walibya wa Gaddafi, na hao walikuja na vifaru na zile roketi zinazofyatuliwa nyingi kwa mpigo. Babu alisema mlio wake ulikuwa kama mtu anaburuza mabati juu ya mawe, huko juu mbinguni, na anakuja kwako.

"Sikuamua kukimbia," alikuwa akisema. "Niliona tu mafunjo yananipita."

Brigedi ilivunjika. Walikimbia wengi. Yeye alizama kwenye tope, akajichomoa, kiatu cha kushoto kikabaki humo. Akakimbia na kimoja mpaka pumzi ikaisha, akajikuta amelala kando ya watu asiowajua, wote wanahema kama ng'ombe waliotoka kunyweshwa. Usiku ukapita kwa sauti za wakuu wakiita gizani, kombania fulani hapa, kombania fulani pale, wanakusanya watu.

Halafu anasema, "Asubuhi tukarudi."

Basi. Anapuliza maganda ya karanga mapajani, anasimama, anakwenda kuangalia mbuzi. Miaka yote ile sikuwahi kusikia sentensi inayofuata. Mara moja tu mdogo wangu alimuuliza alirudi vipi na kiatu kimoja. Akasema alipata kingine, kikubwa kidogo. Mdogo wangu, mtoto wa darasa la tatu, akauliza mwenyewe hakukitaka? Babu akasema hapana, hakukitaka.

Binti wa Sajenti

Mkuu umenifanya niweke simu chini kwanza.

Baba yangu alikuwa Brigedi ya 208, ya Mwita Marwa. Wao walikuwa mbali kaskazini-magharibi, lengo likiwa kuikata barabara nyuma ya adui, usiku ule wakaamriwa kugeuza na kurudi kusaidia. Alfajiri ya tarehe 11 wakapiga kutokea ubavuni, na hao wa 201 waliojipanga upya wakapiga kutokea mbele. Ndiyo vita viligeuka hapo. Walibya walikufa wengi sana siku ile.

Baba alikuwa akituambia jambo moja, nililisahau mpaka nimesoma hapa. Baada ya mapigano walikutana na wa 201 barabarani. Anasema walikuwa wamekaa pembeni ya tuta, wengine hawataki kuwatazama usoni. Akatoa sigara akagawa, hakusema kitu. Nilikuwa nadhani ni hadithi ya sigara tu.

Baba alifariki 2011. Labda babu yako alivuta mojawapo.

Mjukuu wa Mgambo

Babu alikuwa havuti, lakini alikuwa akisema amewahi kuvuta sigara moja maishani. Hakusema wapi. Sasa dada yangu umenifanya na mimi niweke simu chini.

Senene wa Missenyi

Poleni familia. Mimi niko upande wa pili wa hadithi hii, ule wa vijiji visivyo na jogoo.

Nilikuwa na miaka sita. Tulivuka mto kusini na mama, godoro kichwani, na mimi nimebeba kuku mmoja ambaye nilimng'ang'ania mpaka akafia mikononi. Kwa hiyo mwambie babu yako, popote alipo, jogoo mmoja alikuwa na mimi. Tulirudi 1979 tukakuta ng'ombe wameswagwa kwenda Uganda, kiwanda cha sukari kimevunjwa, nyumba yetu haina bati. Watu wanasimulia Kampala tu, lakini raia wetu waliouawa Kagera wanakadiriwa kufika 1,500.

Ukipata nafasi nenda Kaboya, wilaya ya Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Mistari na mistari. Wengi ni vijana wa mikoa ya mbali, na wapo ambao ndugu zao hawajawahi kufika. Mimi Julai 25, Siku ya Mashujaa, nikiwa nyumbani huwa napita. Mzalendo Halisi anasema babu alikimbia ni aibu. Mimi niliyebeba kuku sina aibu naye hata chembe, alikuja kutoka Nzega, kwetu alikuwa hapajui.

Msahihishaji

Naongeza kidogo kwa ajili ya vijana. Kagera ilivamiwa mwishoni mwa Oktoba 1978, Amin akatangaza eneo la kaskazini mwa mto ni lake. Novemba 2 Mwalimu akatangaza redioni kwamba tutampiga, ile hotuba ya sababu, nia na uwezo. Kampala ikaangukia mikononi mwetu Aprili 10 na 11, 1979, na mpaka mwanzoni mwa Juni majeshi yalikuwa yameshafika mipaka ya mbali huko kaskazini-magharibi mwa Uganda. Idadi inayotajwa ya askari wetu waliokufa ni 373, na kati yao 96 tu ndio waliokufa kwenye mapigano yenyewe. Wengine ni ajali, magonjwa na mengineyo. Kwa hiyo mzee akizungumzia miguu, tope na chawa kuliko risasi, anajua anachosema.

Na ndege ya Walibya ilikuja mpaka Mwanza mwishoni mwa Machi, ikakosa shabaha, ikaua swala kisiwani Saanane. Hii huwa hawaamini nikiwaambia.

Dereva wa Transiti

Lukaya napita kila wiki na mzigo. Mafunjo bado yapo, pande zote mbili vilevile kama alivyosema. Siku hizi ukisimama tu wanakuvamia vijana wa kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, wanasukumana dirishani. Mbele kidogo, Kayabwe, ndipo mstari wa ikweta, wazungu wanapiga picha. Babu yako aliuvuka kwa miguu na kiatu kikubwa mguu mmoja, na nadhani hakuna aliyempiga picha. Safari ijayo nitasimama hapo kwenye tuta dakika mbili kwa ajili yake.

Kiinua Mgongo

Naomba kuuliza, mzee alipata chochote baadaye? Maana baba mdogo alikuwa mgambo vilevile na alirudi na blanketi.

Mjukuu wa Mgambo

Alikuwa na karatasi moja kwenye kopo la Africafé. Miaka ya tisini akaipeleka kwenye ofisi moja, wakamwambia kuna karatasi nyingine inatakiwa iambatane nayo. Hiyo nyingine ililiwa na mchwa. Akarudi nyumbani, akaweka ya kwanza kwenye kopo, hakuzungumza tena. Wala hakuwa na uchungu wa kuonekana, labda uchungu wa ndani, sijui. Wenzake walirudi na redio na saa za Seiko, na yeye alirudi na kikombe na Kiganda.

Hicho Kiganda ngoja nikieleze kidogo maana bila hicho Babu hajakamilika. Kila akimaliza kula, tangu 1979 mpaka wiki aliyofariki, alimwambia Bibi, "Webale kufumba, nnyabo." Yaani asante kwa kupika, mama. Bibi miaka ya mwanzo alikuwa mkali: nani amekufundisha hayo, na alikupikia nini? Hakupata jibu la kumridhisha. Ilikuwa kipindi cha kufunga mikanda, ile miezi kumi na minane ya Mwalimu iliyogeuka miaka, sabuni hakuna, sukari foleni, na yeye anashukuru kwa Kiganda ugali wa mtama usio na mboga. Baadaye Bibi akaanza kumjibu. Siku ya tatu baada ya mazishi tulimaliza kula usiku, kimya, nikamsikia Bibi anaisema mwenyewe pole pole huku anakusanya sahani.

Mwanahistoria wa Mtaani

Uzi mtamu. Ila nirudi kwenye swali. Mimi ninachoona tatizo ni huyo aliyeandika wasifu. Ndio tabia yetu, mtu akifa anageuzwa malaika. Mlevi anakuwa "mpenda watu". Aliyeandika hakurudi nyuma hata hatua moja ni mwongo, na mngemwita mbele ya watu aeleze alikuwa wapi siku hiyo.

Mzalendo Halisi

Angalau huyo mwandishi ana heshima kuliko mleta uzi.

Mjukuu wa Mgambo

Wakuu, mwandishi wa ule wasifu ni mimi.

Baba Mkubwa alinipigia usiku wa manane, nikakaa na kompyuta, ananitajia nachapa. Yeye alisema tu "alipigana Lukaya". Hiyo ya hatua moja niliiongeza mimi saa tisa usiku, kwa sababu sentensi ilionekana fupi na nilitaka watu walie. Nilikuwa naijua ile ya mafunjo vizuri kuliko mtu yeyote pale, nimeisikia mara ishirini. Baba Mkubwa hajui mpaka leo kwamba si maneno yake, anadhani aliyasema. Ndiyo maana anakasirika kwa niaba yangu, na mimi nimenyamaza.

Halafu kuna jambo zaidi, nimelizungukazunguka tangu mwanzo wa uzi.

Mwaka wa pili chuoni nilianguka masomo matatu. Sikumwambia mtu. Nikachukua ada ya nusu mwaka, nikapanda basi mpaka Mwanza kwa rafiki yangu anayeuza vipuri, nikazima laini. Wiki tano. Nyumbani walishaanza kuulizia hospitalini. Siku moja mchana nimelala kwenye godoro la rafiki, mlango ukagongwa. Babu. Amevaa koti lake la kanisani, ana mfuko wa rambo wenye michembe. Aliyemwambia niko pale simjui hadi leo.

Akakaa kwenye ndoo maana kiti hakikuwepo. Akaangalia chumba. Hakuuliza kwa nini, hakuuliza ada. Akauliza, "Umekimbia umbali gani?"

Nikasema Dar mpaka hapa.

"Kama kilomita elfu moja na ushee," akasema, kama mtu anayepima kazi ya mwenzake. "Mimi sikufika hata mbili."

Tukala michembe. Akaniuliza bei ya rejeta ya Fuso, akashangaa. Akalala pale chini, mimi nikakosa usingizi. Alfajiri akaniamsha kwa fimbo miguuni, tukaenda stendi, akanipandisha basi la Dar na yeye akapanda la Nzega.

Nimegundua baadaye kwamba alifanya hivyo kwa wengi. Shangazi aliyekimbia ndoa siku ya nne, aliulizwa umbali. Baba yangu alipokimbia deni la tumbaku akajificha Kahama, aliulizwa umbali. Kila mmoja alidhani ni lake peke yake, mpaka tulipokaa usiku wa matanga tukaanza kusimuliana, tukakuta swali ni moja. Isipokuwa shangazi, yeye asubuhi yake hakurudishwa kwa mume, alirudishwa nyumbani. Alisema Babu alimtazama shingoni, akasema huko siko kwa kurudi.

Sasa mtu kama huyo mimi nikamwandikia kwamba hakurudi nyuma hata hatua moja.

Binti wa Sajenti

Usijilaumu sana. Saa tisa usiku mtu anaandika chochote.

Mzalendo Halisi

Nimesoma yote. Naomba radhi kwa maneno ya mwanzo. Mimi mwenyewe kuna mahali sijarudi.

Karanga Mbichi

Mkuu, ulimuuliza yule Mngoni asubuhi ile ilikuwaje? Maana ndiye pekee aliyebaki anayeijua.

Mjukuu wa Mgambo

Nilimuuliza. Jioni baada ya mazishi nilimkuta chini ya mwembe, kikombe kiko mapajani. Nikamwambia, Babu, mzee alikuwa akiishia pale pale kila siku, asubuhi tukarudi, halafu ikawaje? Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Asubuhi tulirudi." Nikangoja. Akaninyooshea kile kikombe akasema kama kuna uji jikoni uletwe.

Msahihishaji

Msalaba mmeandika nini? Naona hapo ndipo mgogoro utahamia.

Mjukuu wa Mgambo

Ulihamia kweli. Baba Mkubwa alitaka "Shujaa wa Kagera", baba anataka jina tu. Fundi akasema anatoza kwa herufi. Limebaki jina na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa.

Nimempigia Baba Mkubwa jana nikamwambia ile sentensi ilikuwa yangu. Alikaa kimya, nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza kama nina nakala ya wasifu kwenye kompyuta. Nikasema ninayo. Akasema nifute hiyo sentensi, niandike alikimbia na akarudi, nimtumie, atausoma upya siku ya arobaini. Halafu akaniuliza kama yule Mngoni atakuja tena, maana safari hii anamwandalia jibu.

Mtani wa Kudumu

Atakuja tu. Mwambie Baba Mkubwa ajiandae vizuri, na akifiche kigoda.

Mjukuu wa Mgambo

Taarifa ya mwisho wakuu, halafu niwaache. Mngoni amepiga simu leo asubuhi kutoka Songea, analalamika. Kikombe kinavuja. Kuna tundu dogo pale mkono wa kikombe ulipoungwa, uji umemwagikia suruali mbele ya wajukuu zake, anataka kujua kama tulikuwa tunajua. Mimi sikuwa najua. Nikampelekea Bibi simu, amekaa uani anapeta mchele, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mwenzake alikuwa anakunywa mbio."